Nusu ya Kidonge

Wembe ulikuwa umeviringishwa kwenye karatasi ya daftari, umewekwa ndani ya kopo la dawa. Niliukuta asubuhi ile mama alipoanguka, nikipekua vitu vyake kutafuta kadi ya kliniki. Humo ndani vidonge vya presha vilikuwa vimechanganyika, vizima vichache na vipande vingi, na chini kumebaki ungaunga mweupe. Mama alikuwa na miaka 74 na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Alivikata katikati sawasawa, utadhani aliweka rula.

Kwa hesabu yangu alivikata kwa miezi saba. Dawa ya mwezi mmoja ilimfikisha miezi miwili. Kila Jumapili nikimpigia simu nilimuuliza, "Dawa unakunywa, mama?" Naye alinijibu, "Nakunywa, mwanangu." Hakunidanganya. Mimi ndiye sikuuliza anakunywa kiasi gani.

Aliyenifumbua macho ni mfamasia. Alichukua kipande kimoja akakigeuza kwenye kiganja, akatikisa kichwa. Vidonge vile, akasema, ni vya kuachia dawa polepole, vimeundwa ili mzigo wa siku nzima utoke kidogo kidogo, kwa hiyo vinamezwa vizima. Ukikikata, unavunja kile kinachoizuia dawa, na inatoka kwa mkupuo. Presha inaporomoka muda mfupi baada ya kumeza, kisha mchana dawa imekwisha na presha inapanda bila kitu cha kuishika. Mtu wa umri ule, kuporomoka huko kukimkuta anainuka kitini, atapata kizunguzungu na atajikuta sakafuni. Mama alimeza nusu yake alfajiri, akaketi kidogo, akainuka kwenda kufungua mlango. Nyonga ikavunjika.

Nina baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, anayemzidi mama miaka miwili. Presha yake iligundulika mwaka mmoja na ya mama, na kwa muda mrefu walitumia dawa ya aina moja. Ila baba mkubwa alistaafu na pensheni, na ana nyumba mbili za kupangisha. Mama alifanya kazi maisha yake yote bila kuajiriwa na mtu, kwa hiyo hakuna aliyemkata mshahara wala kumwekea akiba. Ninaandika habari za hawa wawili kwa sababu nimewauguza wote, na nimeuona ugonjwa mmoja ukiishi katika nyumba mbili kama magonjwa mawili.

Watu wakisikia utajiri na matibabu wanafikiria upasuaji mkubwa, vyumba vya peke yako, ndege ya kumpeleka mgonjwa nje ya nchi. Hayo yapo. Lakini mimi utajiri niliuona mahali padogo zaidi: nani anathubutu kusema "naumwa", na anasema lini.

Baba mkubwa akihisi kifua kinambana saa nne asubuhi, saa sita yuko kwa daktari. Mara nyingi ni gesi tu, na anarudi nyumbani akicheka. Wala haoni haya. Anaweza kukosea mara kumi na asimsumbue mtu, kwa kuwa pesa ni zake. Mama akihisi kitu, kwanza anapiga hesabu. Nani analipa ada mwezi huu? Nani mkewe amejifungua? Mara ya mwisho niliomba lini, na niliyemwomba alinijibu kwa sauti gani? Hiyo sauti ndiyo kipimo chake. Akimaliza hesabu anaamua kusubiri kidogo. Ugonjwa ama unapita wenyewe, ama unakua mpaka haufichiki tena, na ukifika hapo unakuwa ghali mara nyingi zaidi. Mzee anayetegemea watoto hana nafasi ya kukosea. Akilia mara moja ikaonekana ni gesi, mara ya pili atanyamaza.

Na sisi watoto tulimsaidia kunyamaza. Tulikuwa na msemo wetu tuliouona ni wa upendo: "Mama, ukiumwa tu, useme." Haukuwa na ubaya wowote masikioni mwetu. Kumbe tulikuwa tumemwekea dirisha la maombi, na sisi ndio makarani. Katika miezi ileile aliyokuwa akikata vidonge, mimi nilibadilisha simu. Ya zamani ilikuwa inafanya kazi.

Hospitali ilimpokea, ikampiga picha, ikamlaza. Kisha tukaelekezwa kwenye malipo. Upasuaji usingepangwa kabla ya malipo ya awali, na vyuma vya kuungia mfupa vilitakiwa kulipiwa mbali. Daktari kijana aliyekuwa zamu alinivuta kando, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nyonga ya mtu mzima haitakiwi kusubiri. Miongozo mingi inataka mgonjwa afanyiwe upasuaji ndani ya saa 48 hivi, kwa sababu akilala bila kusogea mapafu yanaingia maambukizi, damu inaganda miguuni, na ngozi ya makalioni inaanza kuchubuka. Alinieleza vizuri sana. Halafu akaenda zake, maana mambo ya malipo hayakuwa yake.

Tulichukua siku nne. Tupo watoto watano, na ukitaka kuwajua ndugu zako weka bili ya hospitali kwenye kundi la familia la simu. Mmoja alituma zote alizokuwa nazo bila neno. Mmoja aliuliza kama hakuna hospitali nyingine ya nafuu. Mmoja aliweka alama ya mikono iliyofumbatwa, akapotea mpaka siku ya pili jioni. Simlaumu, baadaye nilijua alikuwa akizunguka kukopa na hakutaka tujue kwamba hana. Mama kitandani aliniuliza swali moja tu kila nilipoingia: "Imefika ngapi?" Siku ya tatu akasema, "Nirudisheni nyumbani, mtanifunga kitambaa, mfupa huunga wenyewe." Siku hiyohiyo akaanza kukohoa.

Alifanyiwa upasuaji siku ya tano na ukaenda vizuri. Kikohozi kikawa homa ya mapafu, na homa hiyo ikamlaza wiki tatu zaidi. Usiku mmoja nikiwa nimekaa pembeni yake nilichukua risiti zote nikazijumlisha nyuma ya bahasha, kisha nikagawa kwa bei ya dawa ya presha ya mwezi. Ilitoka miaka 11. Vidonge vizima vya miaka 11 tulivilipa ndani ya mwezi mmoja, na bado mama akatoka akichechemea.

Kitu kilichoniuma pale wodini kuliko bili kilikuwa kidogo. Asubuhi moja daktari alipita na wenzake, akasimama miguuni pa kitanda akiwa amevaa barakoa. "Bibi, leo siku gani?" Mama akamtazama, akajibu, "Sijambo." "Bibi, uko wapi hapa?" Mama akatabasamu, "Nashukuru, mwanangu." Daktari akaandika, akanigeukia mimi: "Bibi ameanza kupoteza kumbukumbu." Walipoondoka nikainama kwenye sikio lake la kulia, lile zuri, nikamuuliza leo siku gani. "Alhamisi," akasema. "Kwani hawana kalenda?"

Mama hasikii vizuri tangu miaka mingi. Alikuwa anasoma midomo, na barakoa ikamfungia mlango huo. Macho nayo yalikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, hivyo hata uso wa daktari aliuona kama mtu aliyesimama nyuma ya mvuke. Baba mkubwa masikio yake ni mabovu kuliko ya mama, lakini ana vifaa vya kusikilizia, macho yote mawili yalishasafishwa na kuwekewa lenzi, na meno ya bandia anayo. Yeye akiulizwa na daktari anajibu, anauliza, anabishana. Anaitwa "mzee wetu". Mama alizungumziwa juu ya kichwa chake kama mzigo ulioletwa na mimi.

Nimekuja kugundua kwamba macho, meno na masikio mara nyingi ndiyo hutupwa nje kwanza nchi inapobana matumizi ya afya, na ndivyo viungo mzee anavyohitaji ili aweze hata kuomba vingine. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilianza Julai 1948 ikiwa bure, miwani na meno ya bandia vikiwemo. Haikupita miaka mitatu, serikali ikitafuta pesa za silaha wakati wa vita vya Korea, miongoni mwa vitu vya kwanza kutozwa vikawa meno ya bandia na miwani. Aneurin Bevan, aliyeiasisi huduma hiyo akiwa waziri wa afya, alijiuzulu serikalini Aprili 1951 kwa sababu hiyo. Marekani nayo ilipopitisha Medicare mwaka 1965, bima ya umma kwa wenye miaka 65 na kuendelea, sheria iliacha nje miwani ya kawaida, vifaa vya kusikilizia na sehemu kubwa ya matibabu ya meno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 1 wana uoni hafifu ambao ungeweza kuzuilika au bado haujashughulikiwa, na wengi wao wanachokosa ni miwani ya kusomea tu. Mzee asiyesoma maandishi ya kwenye pakiti ya dawa, nani atamwambia kwamba kidonge hakikatwi? Maana iliandikwa. Nilikuja kuisoma mwenyewe, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Nisije nikamfanya baba mkubwa aonekane yuko peponi. Pesa nayo ina ugonjwa wake. Dawa yake ya presha ilimvimbisha vifundo vya miguu, jambo linalojulikana kwa dawa za kundi lile. Hakurudi kwa aliyemwandikia. Alikwenda kwa bingwa mwingine, kwa kuwa aliweza. Bingwa akaona uvimbe, akaandika dawa ya kukojosha maji. Kwa dawa hiyo akawa anaamka usiku mara nne kwenda chooni, akaenda kwa bingwa wa tatu, akaandikiwa dawa ya kibofu. Ile ya kibofu ikamkausha mdomo na kumletea usahaulifu, naye akaanza kuulizia wataalamu wa kumbukumbu. Kila dawa ilikuwa inafukuza kivuli cha iliyotangulia. Nilipomfungulia kile kisanduku chake chenye vyumba saba vya siku za wiki nilihesabu vidonge 13 kwa siku.

Alipona, na namna alivyopona ndiyo inayonirudisha kwenye hoja yangu. Alilipa kumwona daktari wa wazee, ambaye alikaa naye saa nzima, akamwagia dawa zote mezani, akabadilisha ile ya kwanza na kuzifuta tatu. Miguu ikanywea, usingizi ukarudi, na kumbukumbu pia. Saa nzima ya daktari! Kliniki ya mama, nesi mmoja alikuwa na foleni inayotoka nje ya jengo, na mama alipata dakika za kutosha kufungwa mkanda wa presha, kusomewa namba na kupewa tarehe ya kurudi. Nesi yule hakuwa mbaya. Angekuwa na dakika tano zaidi angeuliza dawa anakunywaje.

Mwaka 1971 daktari mmoja aliyekuwa akitibu wachimba makaa ya mawe na familia zao huko Wales, Julian Tudor Hart, aliandika kwamba huduma nzuri hupatikana kwa uchache pale inapohitajika zaidi, na kwamba hali hiyo huzidi kadiri matibabu yanavyoachiwa soko. Yeye aliiona kwenye vijiji vya wachimba migodi. Mimi niliiona ndani ya ukoo mmoja.

Kuna watakaosema dawa ni kuifanya hospitali iwe bure basi, tumalize. Naunga mkono, tena kwa mikono miwili. Ila kliniki ya mama ya presha ilikuwa bure. Kilichokuwa si bure ni dawa zikiisha dirishani na kuambiwa ukanunue nje. Kilichokuwa si bure ni nauli, tena ya watu wawili, kwa kuwa mama haoni vizuri na hawezi kupanda gari peke yake. Kila tarehe ya kliniki dada yangu mdogo anafunga biashara yake siku nzima. Mama alilijua hilo, na mara mbili nilizogundua baadaye alimwambia dada kwamba kliniki imeahirishwa. Haikuwa imeahirishwa. Baba mkubwa anaye kijana anayemlipa, anamwendesha na kumshikia mwavuli. Yule kijana akipoteza siku kwa baba mkubwa, hiyo ndiyo kazi yake. Dada akipoteza siku kwa mama, ni hasara, na mama anaijua hasara hiyo kwa kiasi chake.

Tena hata malipo yakiondoka kabisa, miaka ya nyuma haifutiki. London kulikuwa na utafiti wa watumishi wa serikali ulioanza mwaka 1967, ambao Michael Marmot aliufanyia kazi kwa miaka mingi, ukifuatilia wanaume wapatao 18,000. Wenye vyeo vya chini walikufa mapema kuliko wa juu, ngazi kwa ngazi, na tofauti hiyo iliendelea kuonekana hata baada ya kustaafu. Wote hao walikuwa na haki ya kutibiwa katika hospitali zilezile za umma. Nikisoma hayo namfikiria mama akiinama juu ya kazi yake miaka 50, akila mwisho, akilala mwisho. Mwili wake uliingia uzeeni ukiwa na deni.

Baada ya nyonga tukaanza kutafuta bima. Hapo nilijifunza jambo ambalo ningependa niambiwe nikiwa na miaka 30: bima nyingi za binafsi zina umri wa mwisho wa kumpokea mwanachama mpya, nyingine miaka 60, nyingine 65, na zinazopokea wakubwa zaidi zinaacha nje ugonjwa ulio nao tayari. Mama alikuwa na umri na ugonjwa vyote viwili. Mhudumu mmoja wa simu, binti mwenye sauti ya upole, aliniuliza kama bibi ana ndugu mdogo wake ambaye ningependa kumwandikisha. Nikacheka, naye akacheka, kisha tukanyamaza wote.

Kwa hiyo tukarudi wenyewe kwa wenyewe. Kikao kilikuwa kigumu na sitakisimulia chote. Aliyeleta wazo ni dada mdogo, yule mwenye biashara, ambaye ndiye mwenye kipato kidogo kuliko sote na ndiye aliyemjua mama zaidi. Alisema tuache kabisa habari ya "ukiumwa useme". Kila mmoja atoe kiasi chake tarehe ileile ya kila mwezi, mama awe mzima au mgonjwa, na pesa ziingie kwenye simu yake mwenyewe, kwa namba yake ya siri. Asiulizwe amezitumia wapi. Kaka mkubwa akapinga: atazigawa kwa wajukuu, atazitoa sadaka. Dada akamjibu, "Na azigawe. Zitakuwa zake."

Mwezi wa kwanza alizigawa kwa wajukuu, kama kaka alivyosema. Tukauma midomo. Mwezi wa pili akanunua dawa ya miezi mitatu kwa mpigo. Mwezi wa nne, bila kumwambia mtu, alimlipa binti wa jirani amsindikize kwenye kliniki ya macho. Tulipata habari akiwa tayari na bandeji jicho la kushoto. Alipofunguliwa, akanitazama muda mrefu, kisha akasema nimezeeka.

Masikio bado. Vifaa ni ghali na tunavichangia polepole. Baba mkubwa ameahidi kuongeza, na ahadi zake huwa anazitimiza akikumbushwa mara tatu. Wembe niliuhifadhi mimi, uko kwenye droo yangu ndani ya karatasi ileile.

Wiki iliyopita simu yangu iliita Jumanne, siku ambayo mama hapigi. Nikashtuka, nikapokea nikiwa tayari nimesimama.

"Mwanangu," akasema, hata salamu hakunipa, "jino linaniuma, nataka nikaling'oe."

Nikamuuliza limeanza lini.

"Leo asubuhi."